Fundi, pikipiki yangu inachemsha tangu niiongeze nguvu

SWALI

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa Uyole, hapa Mbeya. Nauza mitumba kwenye minada. Wiki hii nakwenda Kiwira na Tukuyu, wiki ijayo nashuka mpaka Kyela. Chombo changu ni pikipiki ya Kichina ya cc 150, ile injini ya CG inayopozwa kwa upepo. Nyuma nafunga nusu belo la nguo, na mara nyingi nampakia na mdogo wangu anayenisaidia kuuza.

Shida yangu ilikuwa milima. Kutoka Kiwira kuja Isyonje nilikuwa napanda kwa gia ya pili njia nzima, malori yananipita. Mwezi wa sita fundi mmoja akaniambia ataiongezea nguvu. Alinifungia bloku kubwa yenye pistoni ya milimita 67 badala ya 62, kabureta ya 30 badala ya 27, akatoa boksi la eaklina akaweka ile filta ndogo ya wazi inayokaa kwenye mdomo wa kabureta, akabadilisha ekzosi na CDI, kile kisanduku cha umeme kinachopanga wakati wa moto wa plagi. Asubuhi ile tuliijaribu Uyole mpaka Igawilo, baridi kali, pikipiki inaruka. Nilifurahi sana.

Safari ya kwanza ya Kyela ndipo mambo yalipoanza. Nilipofika kule tambarare nikasikia joto kwenye magoti na harufu ya oili kuungua. Wakati wa kurudi, baada ya kupita Kiwira, nguvu ikaanza kushuka yenyewe huku nimevuta resi yote. Nikasikia mlio kama punje za mahindi zinamwagwa kwenye sufuria, ikazima. Nikapiga kiki, haishuki, ngumu kabisa. Tulikaa kando ya barabara kama dakika ishirini, ikapoa, ikawaka. Hali hiyo imetokea mara mbili nyingine, zote nikiwa natoka chini na mzigo. Nikiwa mjini haina neno, ila nikiachia resi ekzosi inapiga risasi.

Nimebadilisha oili mara tatu, sasa natumia nzito zaidi. Siku moja niliimwagia maji kwenye bloku ili ipoe haraka. Fundi anasema ninunue kipoza oili. Jirani anasema ni vali. Mke wangu anasema nirudishe bloku ya zamani, ambayo bado ninayo, nimeifunga kwenye kiroba iko chini ya kitanda. Cha kushangaza, pamoja na ukubwa wote huo, haili mafuta. Nilijiandaa kuongeza bajeti ya petroli, lakini lita ni zile zile za zamani.

Nifanye nini fundi? Pikipiki hii ndiyo duka langu.

Muuza mitumba, Uyole

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa dakika ishirini hizo za kukaa kando ya barabara na mzigo.

Kwanza, usipande tena na belo mpaka bloku ifunguliwe. Kiki kukataa kushuka halafu ikakubali baada ya kupoa maana yake pistoni ilivimba kwa joto ikang'ang'ania ukuta wa silinda. Pistoni ni alumini na silinda ni chuma cha kumimina. Alumini huvimba karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na nafasi iliyoachwa kati yao ni nyembamba kuliko unywele. Umenoki, yaani pistoni imekwama, mara tatu na mara zote umesamehewa. Kwenye meza ya karakana yangu Mwanjelwa nimeweka pistoni moja iliyotoka kwenye pikipiki kama yako. Upande wa ekzosi ina michirizi ya kijivu iliyonyooka kutoka juu mpaka chini, kama mtu amekwangua kwa msumari. Ringi ya pili imezama kwenye mfereji wake, alumini imeyeyuka ikaifunika, haitoki hata kwa bisibisi. Mwenye pikipiki hiyo alisamehewa mara nne. Ya tano tairi la nyuma lilijifunga akiwa kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, na nashukuru Mungu aliwahi kubana klachi.

Sasa nije kwenye barua yako. Nilipofika pale ulipoandika kwamba haili mafuta, nilirudi nikasoma tena tangu mwanzo. Wewe umeliandika jambo hilo kama habari njema, na ndilo linalokuchomea injini.

Tufanye hesabu kidogo. Pistoni ya milimita 62 kwenye kranki ile ya CG 150, ile ekseli inayopandisha na kushusha pistoni kwa mwendo wa milimita 49.5, inakupa cc 149. Ukiweka ya 67 bila kugusa kranki unapata cc 174 na nusu. Hilo ni ongezeko la asilimia 17 ya hewa kila pistoni inaposhuka. Ongeza filta ya wazi ambayo haizuii upepo kama lile boksi, ongeza ekzosi inayotoa moshi haraka. Injini yako sasa inavuta hewa nyingi kuliko wakati wowote tangu izaliwe. Hewa ikiongezeka petroli lazima iongezeke kwa kiasi kile kile. Kama lita hazikubadilika, basi injini ina njaa. Inameza hewa nyingi na petroli kidogo.

Njaa ya petroli huleta joto kwa njia mbili. Petroli inapoingia ikiwa matone hugeuka mvuke na kunyonya joto, kama spiriti inavyokupoza mkono ukipakwa kabla ya sindano. Ikipungua, ubaridi huo unapungua. Halafu mchanganyiko wenye petroli haba huungua polepole, moto unaendelea kuwaka wakati vali ya ekzosi imeshaanza kufunguka, hivyo kichwa cha silinda, vali na bomba vinapokea joto lisilo lao. Ile milio ya risasi unapoachia resi ni dada wa ugonjwa huo huo. Ingawa inaweza pia kuwa gasketi ya ekzosi pale kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda, inavuja, kwa hiyo itazame.

Chanzo ni nini? Kabureta ya 30 haileti petroli kwa sababu tundu lake ni kubwa. Tundu kubwa linapitisha hewa. Petroli inapitia kwenye jeti, kijipande cha shaba chenye tobo dogo, na kabureta za dukani huja na jeti yoyote ambayo kiwanda kiliamua. Inawezekana kabisa fundi wako alifungua boksi, akaifunga kama ilivyo, akarekebisha skrubu ya hewa mpaka ikaunguruma vizuri, akakukabidhi. Simlaumu sana kwa sababu miaka ya nyuma nami nilifanya hivyo hivyo kwenye pikipiki ya mteja wa Iwambi, na nilimlipia pistoni. Ile skrubu inatawala injini ikiwa haijavutwa resi. Ukivuta resi yote kupanda mlima, anayetawala ni jeti kubwa, na hiyo hakuna aliyeigusa.

Halafu kuna suala la Kyela, na hapa nataka usome taratibu kwa sababu wengi wa huku juu hatulifikirii. Uyole tuko kwenye mita kama 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, ndiyo maana maji huku huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage yanachelewa kuiva. Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu. Mgandamizo wa hewa kule unazidi wa Uyole kwa karibu asilimia 16. Joto la kule linapunguza kidogo uzito huo, lakini bado kila mvuto wa pistoni Kyela unaingiza hewa nyingi kuliko Uyole. Jeti ni ile ile, na petroli inayopita haiongezeki kwa kiwango cha hewa. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa Uyole ikiwa tayari iko kwenye ukingo wa njaa, ikifika Kyela inavuka ukingo. Upepo unaotakiwa kuipoza nao ni wa moto. Halafu unageuza kichwa, unaanza kupanda na nusu belo na mtu mmoja, mwendo wa polepole, resi yote. Chini kabisa ya mlima ndipo injini ilipo na njaa kubwa zaidi, na hapo hapo unaidai nguvu zote.

Ndiyo sababu inakusumbua ukitoka chini, na mjini haina neno.

Usiniamini kwa maneno, jipimie mwenyewe bila kununua kitu. Ikishafunguliwa na kuonekana salama, nenda peke yako bila mzigo kwenye mwinuko wa wastani usio na magari mengi. Vuta resi mpaka karibu yote kwa gia ya tatu, kisha vuta choki nusu kwa sekunde mbili. Choki inapunguza hewa na kuongeza petroli. Injini ikichangamka na kusogea mbele, ina njaa. Ikikohoa na kuzama, petroli inatosha. Kipimo cha pili ni plagi. Ukiwa umevuta resi vile vile kwa kama dakika moja, bana klachi, zima kwa swichi papo hapo, usiiache iendelee kuunguruma, simama pembeni. Ngoja ipoe kiasi cha kushikika, toa plagi, geuza uangalie kile kikauri kinachozunguka ncha ya katikati. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, imeshiba kupita kiasi. Nyeupe kama chaki, ina njaa. Ukiona juu ya ule weupe kuna vitone vidogo vinang'aa kama vumbi la fedha, hiyo ni pistoni yako imeanza kuyeyuka na kurukia kwenye plagi. Ukikuta hivyo usiwashe tena hata kurudi nyumbani. Sukuma.

Dawa ni jeti kubwa zaidi. Kila jeti imegongwa namba ubavuni, ndogo sana, itazame kwenye jua. Mwambie fundi akusomee iliyomo, kisha mpande hatua moja moja, kila hatua mnarudia kipimo cha plagi. Msiruke hatua tano kwa mkupuo kwa sababu petroli ikizidi nayo inaosha oili ukutani mwa silinda na kula ringi. Kama sindano ya kabureta yako ina mikato ya klipu, kushusha klipu mkato mmoja kunainua sindano na kuongeza petroli pale katikati ya resi, ambapo ndipo unapoendeshea muda mwingi ukiwa tambarare. Na kipimo cha mwisho mkifanyie Kyela, siyo Uyole. Ikiwa salama Kyela, huku juu itakuwa imeshiba kidogo, utaona masizi kidogo na utakula petroli kidogo zaidi. Vumilia hilo. Kushiba kidogo Uyole kunakugharimu senti, na njaa Kyela inakugharimu bloku.

Kabla ya kununua jeti, hakikisha petroli inafika na hewa haiibwi njiani. Kabureta imebadilishwa, na mara nyingi ule mpira unaoiunganisha na hedi hubaki wa zamani, mdogo au umepasuka. Ikiwa inaunguruma bila resi, dondoshea maji kidogo kwenye maungio yale. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo bila kupita kwenye kabureta. Upande wa petroli, angalia koki ya tenki na ule wavu wake. Koki iliyotosha injini ya zamani ikiwa imeziba nusu haitatosha hii. Na siku nyingine nguvu ikishuka ukiwa mlimani, simama na ufungue mfuniko wa tenki. Ukisikia fyuuu, tundu la hewa la mfuniko limeziba kwa vumbi, petroli ilikuwa inanyongwa. Hilo ni la sindano na dakika mbili.

Ule mlio wa punje za mahindi kwenye sufuria sitaki uusahau, kwa sababu jeti peke yake inaweza isiuondoe. Mafundi tunaita kugonga. Petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Sababu ya kwanza ni njaa na joto nililoeleza. Ya pili ni mgandamizo. Ulipoongeza pistoni bila kubadilisha hedi, hewa nyingi zaidi inasukumwa kwenye chumba kile kile kidogo. Tuseme zamani ilikuwa inabana mara 9. Kwa hesabu ile ile ya cc, sasa inabana mara 10.3 hivi, na kama pistoni mpya ina kichwa kilichovimba katikati ni zaidi ya hapo. Ya tatu ni ile CDI. Nyingi zinazouzwa kwa sifa ya mbio huwahisha moto wa plagi, na moto ukiwahi mno kwenye injini inayobana sana, lazima igonge. Rudisha CDI ya kwanza. Itapungua ukali kidogo kwenye resi za juu, lakini wewe hushindani mbio, unabeba mitumba. Kama bado inagonga baada ya jeti na CDI, gasketi nene kidogo chini ya bloku itapunguza kubana.

Jirani yako anayesema vali hajakosea sana. Injini hii ya CG muundo wake ulitoka Honda mwaka 1976, vali zake zinasukumwa na vyuma virefu viitwavyo pushrodi badala ya cheni ya kamu ili ivumilie matunzo haba, na kwa sababu hiyo tapeti zake, zile skrubu za kurekebisha uwazi wa vali, zina kelele ya asili, tiki tiki tiki. Kuna tabia mbaya imeenea kwetu, mteja akilalamikia kelele fundi anakaza tapeti mpaka zinanyamaza. Tapeti ikikazwa hivyo, injini ikipata moto vali inarefuka na haifungi vizuri. Vali ya ekzosi hupoa kwa kugusa kiti chake, isipokigusa inaungua. Acha uwazi wa kama milimita 0.08, upimwe injini ikiwa baridi ya usiku kucha, kwa kipimo cha vibati na siyo kwa kidole. Ikiwa inapiga tiki tiki kidogo, iache ipige.

Oili. Ulipobadilisha mara tatu hukufanya vibaya, ila hukugusa ugonjwa. Usiendelee kupanda uzito. 20W-50 ya pikipiki inatosha kwa mazingira yetu, na isiwe ya gari, kwa sababu klachi yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze, na klachi inayoteleza ni jiko jingine ndani ya injini. Baada ya kunoki mara tatu, mwambie fundi afungue pia ule ungo wa oili na kile kikombe kinachozunguka mwishoni mwa kranki. Uchafu wa alumini unakusanyika humo, na watu wengi hawakijui kabisa kwa kuwa hakionekani mpaka ufungue kava ya kulia.

Maji usirudie kumwagia injini ya moto. Chuma kinachopoa upande mmoja ghafla hupinda au hupasuka, na hedi iliyopinda itavuja gasketi mpaka utakapoisawazisha kwa mashine. Ikichemka, simama penye upepo, fungua mzigo, subiri.

Kipoza oili usinunue sasa. Siyo kwamba ni kitu kibaya. Lakini kitapunguza joto la oili huku plagi ikiendelea kuwa nyeupe, na utajiona umepona mpaka siku pistoni itakapotoboka. Mtu mwenye njaa huwezi kumtibu kwa kumpepea.

Nikiwa kwenye mambo ya upepo, kuna kitu kimoja hukukiandika lakini nimekiona kwa wafanyabiashara wengi wa minada. Mnafunga vifurushi vidogo mbele, kwenye gadi ya kinga miguu, na bango la plastiki la kuzuia matope. Vyote hivyo vinakaa mbele ya injini. Injini yako haina feni wala rejeta, ina mapezi yale ya bloku tu, na mapezi yanapoza yakipigwa upepo. Tope la Isyonje likikauka katikati yake linakuwa kama blanketi. Osha kwa brashi kila baada ya safari ya mvua, injini ikiwa baridi, na kifurushi cha mbele kihamie nyuma.

Sasa naomba nikuambie jambo ambalo ningekuambia mwezi wa sita kama ungepita kwangu kwanza, kabla ya kumpa yeyote hela ya bloku.

Ulitaka kupanda kutoka Kiwira mpaka Isyonje bila kuteseka. Kwa hilo unahitaji nguvu ya kusukuma tairi, na nguvu hiyo inaweza kupatikana bila kuongeza hata tone moja la joto. Hesabu meno ya sproketi zako. Tuseme mbele una 15 na nyuma 38. Ukiweka 14 mbele na 42 nyuma, mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 18. Linganisha na bloku yako iliyoongeza asilimia 17 ya ujazo. Ni karibu sawasawa! Sproketi mbili, pengine na cheni ndefu kidogo, kazi ya mchana mmoja, injini haijafunguliwa. Unachopoteza ni mwendo. Pale ulipokuwa unakimbia 80, kwa mzunguko ule ule wa injini sasa utakimbia kama 68. Ukiwa tambarare ya Kyela utasikia injini inalia zaidi na itabidi uridhike na mwendo mdogo. Lakini kwenye mlima injini itazunguka kwa wepesi, oili itasukumwa vizuri, na hutakuwa unaibana kwa gia kubwa mpaka inatetemeka, jambo ambalo nalo huchemsha injini hata ikiwa haijaguswa na fundi.

Na ujue kwamba hata bloku kubwa haikwepi urefu wa milima yetu. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Isyonje iko juu ya mita 2,000. Pale juu ile injini yako ya cc 174 inafanya kazi ya injini ya cc 140 iliyoko Dar es Salaam. Sproketi nazo hazirudishi hewa iliyopungua, lakini ile asilimia 18 ya mvuto zinayoongeza ni ile ile Kyela na Isyonje.

Kwa hiyo ushauri wangu, na ni wa moyoni kwa sababu naijua barabara ile na najua duka lako lina magurudumu mawili. Mfungue bloku kwanza. Kama silinda ya 67 ina michirizi unayoihisi kwa ukucha, usiitengeneze. Msikilize mke wako, rudisha ile ya zamani, rudisha kabureta ya 27, boksi la eaklina na CDI yake, kisha badilisha sproketi. Utapanda karibu kama ulivyokuwa unapanda na bloku kubwa, na utalala usingizi. Ekzosi unaweza kuibakiza kama gasketi yake haivuji, ila pima plagi hata hivyo.

Kama silinda imebaki laini, una hiari. Ukiamua kuendelea nayo, fuata mpangilio huu: mpira wa kabureta, koki, jeti, CDI, tapeti, na kila kimoja ukipime kabla ya kugusa kinachofuata. Ukibadilisha vitano kwa siku moja, kama ilivyokuwa mwezi wa sita, kikitokea kitu hutajua ni kipi. Ringi mpya pia zinahitaji kilomita kama 500 za upole, bila belo na bila resi ya mwisho. Katika barua yako sikuona popote kwamba ulipewa muda huo, na inawezekana safari ya kwanza ya Kyela ilikuwa mapema mno.

Kuhusu fundi wako, nenda naye kwa heshima. Muulize swali moja tu: jeti iliyomo ni namba ngapi? Akikutajia namba au akaifungua palepale kuisoma, huyo ni mtu wa kufanya naye kazi, mmalizie kazi iliyobaki pamoja. Akikujibu kwamba jeti hazina shida, chukua pikipiki yako taratibu uondoke.

Na ile bloku iliyo chini ya kitanda, usiiuze hata ukipata mteja leo. Ila itoe kwenye kiroba, kinavuta unyevu. Ifute, paka oili mpya ndani ya silinda kwa kidole mpaka ing'ae yote, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, hewa itolewe, ndipo uirudishe. Masika ya Uyole inaweza kuila kutu kabla hujaihitaji.